Jina la Mkulima Nalo ni Mali

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kinoru, Meru

Wakulima wa skimu zetu ni watu wa kulinda mali. Boma la ng'ombe lina ua, ghala la viazi lina kufuli, na jirani akisikia mbwa wakibweka usiku hutoka na taa. Lakini iko mali moja ambayo wengi wetu twaiacha nje mvuani, nayo ni jina la mtu pamoja na namba zinazokwenda na jina hilo: namba ya kitambulisho, namba ya simu, na namba ya siri ya kutolea fedha. Mwezi huu nataka tusemezane juu ya mali hiyo, maana wezi wameijua thamani yake kabla yetu.

Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikiuza mbolea kwa bei iliyopunguzwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 ukashushwa tena hadi 2,500. Ili kuipata mbolea hiyo, mkulima huandikishwa: jina, kitambulisho, simu, na ukubwa wa shamba lake. Kisha huletewa ujumbe katika simu, naye huenda na ujumbe huo pamoja na kitambulisho chake mpaka kwenye ghala. Mpango huu ni mzuri, kwa kuwa mbolea inakwenda kwa mwenye shamba. Lakini kila penye foleni pana watu wa kuivizia foleni.

Mzee mmoja wa upande wa Naari alifika hapa ofisini kuuliza mbolea yake iko wapi, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kulipa. Nikamwuliza, "Umemlipa nani, Mzee?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Si nimekulipa wewe, mwanangu?" Akaitoa simu akanionyesha. Mtu alikuwa amempigia, akajiita karani wa kilimo, akamtajia majina yake yote matatu, namba ya kitambulisho chake, hata ekari zake. Kisha akamwambia atume shilingi 1,500 ili jina lake lipandishwe juu katika orodha. Mzee akatuma.

Wako watakaocheka wakisoma habari hii. Mimi sioni la kuchekesha. Mzee yule alifikiri kama mtu mwenye akili anavyofikiri: nani mwingine awezaye kujua ekari zangu, kama si ofisi? Mwizi alifanya kazi yake nusu kwa simu, na nusu ya kwanza aliikuta imekwisha fanywa na watu wengine, kwa uzembe.

Maana majina yetu hupita mikono mingi. Orodha ya wakulima hubandikwa ukutani ikiwa na namba za vitambulisho, na kijana mwenye simu huipiga picha kwa nukta moja. Nakala za vitambulisho hurundikwa katika sanduku lisilo na kifuniko. Nimewahi kununua mandazi huko Makutano nikafungiwa kwa karatasi yenye picha ya kitambulisho cha mama mmoja, uso wake na tarehe yake ya kuzaliwa vikionekana vizuri chini ya mafuta. Karatasi ile niliichoma, lakini sijui zilikuwa ngapi katika robota lile.

Wizi wa laini

Wizi unaoumiza kuliko wote ni ule wa kuhamisha laini ya simu, nao yafaa tuuelewe vizuri. Mwizi huwa amekwisha kupata jina lako, namba ya kitambulisho, na mwaka wako wa kuzaliwa. Huomba laini yako iwekwe katika kadi nyingine, akidai kwamba simu imepotea. Mara simu yako inakosa mtandao. Wewe wadhani ni mvua, au ni mlingoti wa Timau umeharibika, nawe waiweka simu kando uendelee kupalilia. Wakati huo mwizi anajaribu namba yako ya siri. Kama uliweka mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa katika kitambulisho chenyewe, basi umempa mlango na ufunguo pamoja.

Akiingia huchukua kwanza fedha zilizomo. Halafu hukopa. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi, 2007, ilikuwa ya kutuma na kupokea tu, na mwizi aliweza kuiba kile kilichokuwamo. Lakini mwaka 2012 ikaja M-Shwari, na mwaka 2019 ikaja Fuliza, na sasa jina la mtu lina mkopo ndani yake hata kama mfuko ni mtupu. Ndiyo sababu nasema jina ni mali. Mkulima aliyelala na shilingi mia nane huweza kuamka akidaiwa elfu kumi, na kampuni ikiangalia katika mitambo yake itaona kwamba aliyekopa ni yeye.

Wazee walioingia katika mashamba ya skimu baada ya mwaka 1962, wakati wa ule mpango wa Ekari Milioni Moja, wanaifahamu habari hii kuliko sisi vijana. Wao walitia kidole gumba katika karatasi ya mkopo wa shamba, na deni lile likawafuata kwa jina miaka mingi. Lakini angalau walijua walitia kidole wapi, na mbele ya nani. Na wale waliowatangulia wao walivikwa kipande shingoni, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915, chenye alama za vidole vyao ndani ya kisanduku cha chuma. Kipande kilimlinda tajiri asitorokwe na kibarua. Mwenye jina hakikumlinda. Kitambulisho cha leo ni chetu wenyewe, nasi ndio tunaopaswa kukitunza.

Wizi huu hauna kabila wala wilaya. Mji mdogo wa Mulot, ulio mpakani mwa Bomet na Narok, umepata sifa mbaya nchi nzima kwa kuhamisha laini, na makachero wa DCI wamewakamata vijana wengi huko. (Wengi wa watu wa Mulot ni wakulima na wafugaji kama sisi, nao jina la mji wao limeibiwa pia.) Simu nyingine za hila zimetoka gerezani, na Kamiti imetajwa mara nyingi. Kwa jirani zetu wa Tanzania kila mtu aujua ujumbe usemao "ile pesa tuma kwenye namba hii," ambao hutumwa kwa maelfu ya watu ili umkute yule mmoja aliyekuwa kweli na fedha ya kutuma. Wao walitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na ripoti za mamlaka yao ya mawasiliano zimeitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kwa laini nyingi za ulaghai. Rukwa ni nchi ya mahindi. Mwizi wa simu aweza kukaa kijijini vilevile, bora pawe na mtandao.

Sheria yetu yasemaje

Sheria ya Kenya juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ni Sheria Namba 5 ya mwaka 2018. Ilitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 16 Mei mwaka huo. Wakulima wengi wakisikia neno kompyuta hufikiri sheria hii ni ya watu wa Nairobi wenye meza na viyoyozi. Sivyo. Kwa sheria hiyo kompyuta ni chombo chochote cha namna hiyo kinachotunza na kupeleka habari, na simu ya mkononi imo, hata ile ndogo ya kubofya.

Atakayejipatia fedha kwa ulaghai wa njia hiyo, kifungu cha 26 chasema aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kifungo hadi miaka 10, au yote mawili. Anayetuma ujumbe wa kukushawishi utoe habari zako za siri yumo katika kifungu cha 30, faini hadi 300,000 au kifungo hadi miaka 3. Anayetumia kwa hila namba ya siri ya mtu mwingine, au alama nyingine ya kumtambulisha, yumo katika kifungu cha 29: faini hadi 200,000 au kifungo hadi miaka 3. Na katika marekebisho yaliyotiwa sahihi na Rais William Ruto mwezi wa Oktoba, 2025, kosa la kuhamisha laini ya mwingine kwa nia mbaya limetajwa waziwazi, faini hadi 200,000 au kifungo hadi miaka 2.

Hapa nina neno langu. Naona bei iliyowekwa juu ya jina la mtu ni ndogo mno. Mwizi akihamisha laini za watu 20 kwa juma moja, shilingi 200,000 kwake ni gharama ya kazi, kama sisi tunavyonunua dawa ya ukungu wa viazi. Najua kwamba mwendesha mashtaka aweza kuongeza shtaka la ulaghai, lenye adhabu kubwa, lakini mpaka athibitishe fedha zilizochukuliwa. Jina lililoibiwa likakaa mfukoni mwa mwizi likingoja msimu ujao wa mbolea, hilo ni kosa dogo katika vitabu. Wabunge wetu wa Meru na Embu wakija kutusalimu, neno hili tuwaambie.

Yako mambo mengine mawili katika sheria hii ambayo sijasikia yakisemwa katika baraza lolote. La kwanza, mahakama ikimtia mtu hatiani yaweza kumwamuru amlipe fidia yule aliyeibiwa. Hiyo ni haki yako, nawe uitaje mbele ya mwendesha mashtaka mapema. La pili latuhusu sisi wenyewe. Fedha ikiletwa katika simu yako kwa kukosea, nawe ukaificha kwa makusudi, umefanya kosa. Wako watu wema kanisani wanaoona fedha iliyopotea njia kuwa ni baraka. Sheria haioni hivyo. Lakini angalia tena: walaghai nao huitumia huruma hiyohiyo, hukuletea ujumbe wa uongo kwamba umepokea shilingi 3,000, kisha hulia kwa simu kwamba ni za mtoto hospitalini. Kabla ya kurudisha kitu, tazama salio lako mwenyewe. Kama fedha ziliingia kweli, mwambie aliyetuma aiombe kampuni ya simu izirudishe. Usitume wewe kwa mkono wako.

Kesi iliyochelewesha

Sheria hii ina jina baya kwa watu wengine, na si vyema tulifiche jambo hilo. Chama cha wanablogu wa Kenya kiliipinga mahakamani, kwa sababu ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya kutangaza habari ambavyo waliona vitawafunga watu midomo. Tarehe 29 Mei, 2018, Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu 26 kabla sheria haijaanza kutumika, mpaka tarehe 20 Februari, 2020, Jaji James Makau alipoitupa kesi ile na kuviachilia. Na marekebisho ya mwaka 2025 nayo yalipelekwa mahakamani mwezi uleule yalipotiwa sahihi.

Mimi sikatai mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya uhuru wake wa kusema. Ni haki yake. Lakini mkulima atazame jambo hili: miongoni mwa vile vifungu 26 kilikuwamo cha 29, kile cha kuiba jina la mtu. Kwa karibu miezi 21 kililala, kwa sababu kilikuwa kimefungwa katika mzigo mmoja na maneno ya siasa. Wanaotunga sheria wangalitenga wizi mbali na siasa, mwizi asingepata kivuli cha kujificha. Na wale wanaosema sheria yote itupwe, tungependa watuambie ni nani atakayemshika aliyemwibia mama wa Kibirichia fedha za viazi.

Aibu ni rafiki wa mwizi

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sheria haina miguu ya kumfuata mwizi kama hakuna aliyelalamika. Na wakulima wetu hawalalamiki. Mzee akiibiwa ndama, kijiji kizima kitajua kabla ya saa nne. Akiibiwa kwa simu hamwambii hata mkewe. Huona aibu kwamba amedanganywa na mtoto, na tena huona shilingi 1,500 si za kumpeleka polisi.

Nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii ya ukarani, na huko tulifundishwa kwamba mtoto akichekwa siku aliyokosea, hatauliza swali tena darasani. Ndivyo ilivyo kwa watu wazima. Wale wanaomcheka jirani aliyelaghaiwa, wakisema yeye ni wa zamani, wanamziba mdomo, na kesho mwizi atampigia jirani wa pili kwa maneno yaleyale. Na tusidhani wanaolaghaiwa ni wazee peke yao. Vijana waliosoma hutuma fedha za vifaranga 200 kwa mtu waliyemwona katika Facebook, na vifaranga havifiki.

Zamani hapa Meru mwizi alikuwa na uso na ukoo. Angeweza kuitwa mbele ya wazee wa Njuri Ncheke, na ukoo wake ungesikia haya. Huyu wa leo hana uso. Alama anayoiacha ni namba ya simu na saa aliyopiga. Shilingi 1,500 za mtu mmoja ni ndogo, lakini namba moja ikiandikwa na watu 30 katika vituo vya Timau, Nkubu, Embu na Maua, makachero wanayo njia ya kufuata. Sheria haikusema wizi uanzie shilingi ngapi.

Kwa hiyo ukiibiwa, ile saa ya kwanza ndiyo yenye faida. Usifute ujumbe wowote. Kama ulituma kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa kutuma kwa namba 456 uombe fedha zizuiwe, na namba ya mlaghai uipeleke kwa 333. Ukiona simu yako imekosa mtandao na za jirani zina mtandao, azima simu ya jirani uiarifu kampuni mara moja, usingoje jioni. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishwe, uombe namba ya OB, uiweke pamoja na hati za shamba. Makachero wa DCI nao wana simu isiyolipiwa, 0800 722 203. Na hata kama hujaibiwa, bonyeza *106# leo uone ni laini ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ikane mapema, kabla haijatumiwa kumlaghai mtu kwa jina lako ukafuatwa wewe.

Na vijana wanaouza laini zilizoandikwa kwa majina yao, ili wapate mia mbili ya haraka, wajue kwamba anayemsaidia mwizi kwa kujua naye ni mkosaji katika sheria hiyohiyo. Hili wazazi waliseme nyumbani.

Ofisi ya kilimo haimwombi mkulima fedha kwa simu, wala haimwulizi mtu namba yake ya siri. Kuandikishwa kwa mbolea hakulipiwi. Atakayekupigia akitaka malipo, hata akitaja jina langu, hata akitaja jina la ng'ombe wako, mkatie simu, uje Kinoru au umwendee chifu.

Lakini mzigo wote usiwekwe juu ya mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde, na si maneno matupu: mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Ofisi zetu zimo katika sheria hiyo, na vyama vya maziwa, kahawa na viazi vimo pia. Mikutano mikuu ya vyama huwa na ajenda ya bei na ya posho za kamati. Mwaka huu mwanachama mmoja asimame aulize: daftari la majina na vitambulisho vyetu linakaa wapi usiku, ufunguo wake anao nani, na zile nakala za mwaka jana zilipelekwa wapi?